Karatasi Baada ya Chai

Yeoville, Johannesburg
14 Machi 2004

Mjomba Filbert,

Shikamoo mjomba. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mguu umeacha kukusumbua. Mama aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unafika sokoni bila fimbo, tena unawapita vijana. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo imechoka. Nakuandikia wewe kwa sababu mama nikimweleza atalia, na wewe utanicheka, na kwa sasa nahitaji zaidi kuchekwa.

Kwanza waambie watu wa huko kwamba sisomei wizi. Mzee Rajab amemtuma mama aniulize kama elimu yangu inaweza kumwonyesha nani alichukua pampu yake ya maji. Mwambie nasomea uhalifu kama daktari anavyosomea magonjwa, na hata daktari hawezi kutibu kwa simu.

Sasa sikiliza. Ili nipate shahada hii ya uzamili lazima nifanye utafiti. Wangu unawahusu watu wetu wa Kiswahili hapa Johannesburg, Watanzania, Wakongo, Warundi: wakiporwa au kupigwa, kwa nini hawaendi polisi? Natakiwa kupata watu thelathini wanieleze yaliyowakuta, na kila mmoja asaini fomu ya ridhaa kabla hajaanza kusema. Bila saini, maneno yake hayahesabiki. Mwisho ni tarehe 30 Oktoba. Kibali changu cha kusoma kinakwisha 31 Desemba. Watu wa uhamiaji hawaongezi hata siku moja bila barua ya profesa wangu, na profesa haandiki barua bila watu thelathini. Nimezungukwa kila upande.

Fomu niliitafsiri mimi mwenyewe. Kamati ya maadili ya chuo ikakaa nayo miezi mitano, ikamtafuta mtu wa kuihakiki, ikapiga mhuri, ikaniambia nisibadilishe hata nukta. Nimekuwekea nakala humu ndani. Utaona maneno yametoka wapi. Kila nilipokwama nilisikia sauti yako kule kota za polisi, enzi zile ukinifundisha kusoma kwa fomu zako zilizoharibika.

Tangu Januari nimepata watu wawili. Wawili, mjomba! Na mmoja ni padri.

Nisalimie mama, na umwambie nakula vizuri.

Mpwa wako,
Brightness


Mpwapwa
Jumapili ya Pasaka, 11 Aprili 2004

Mpwa wangu Brightness,

Marahaba mwanangu. Sisi huku ni wazima, mvua imenyesha kidogo na karanga zimeota. Mguu unakusalimu.

Fomu nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilisimama. Nimeisoma kwa sauti mbele ya mama yako na Mzee Rajab: "Hulazimiki kusema neno lolote isipokuwa kwa hiari yako mwenyewe. Utakayoyasema yataandikwa. Baada ya kusomewa na kuelewa, utaweka sahihi yako hapa chini." Mzee Rajab alinyoosha mgongo kabisa, pampu akaisahau. Kiswahili hicho hakipatikani siku hizi. Utadhani nimekiandika mimi. Nimeona koma moja imekaa vibaya, nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu, usikasirike.

Nadhani tatizo lako ni mkao. Wewe tangu utoto unaongea huku unacheka. Mtu anayesomewa karatasi anataka kuona uso wa kazi. Keti wima, soma taratibu, usirukeruke mistari. Mimi nimeandika maelezo ya watu kwa miaka ishirini na tisa na hakuna hata mmoja aliyewahi kunikatalia kusaini. Muulize askari yeyote wa zamani.

Mama yako anasema haamini kwamba unakula vizuri.

Mjomba wako,
Sajini mstaafu Filbert


Yeoville
6 Juni 2004

Mjomba,

Shikamoo. Habari za mavuno? Mimi nina mafua na hasira, na hasira ndiyo kubwa.

Nimekaa wima kama ulivyosema. Nimeweka uso wa kazi. Matokeo yake nakueleza.

Kuna mama mmoja Mkongo anaitwa Jeannine, anauza vitenge na samaki wa kukausha soko la hapa Yeoville. Ameporwa mara mbili mwaka huu. Tunafahamiana, huniita ma chérie, yaani mpenzi wangu, na kunipimia samaki zaidi ya haki. Nilipomwambia nataka kusikia habari zake alinivutia kigoda, akaanza mwenyewe: "Basi wakaniwekea kisu hapa." Hapo ikabidi nimkatishe, mjomba, maana ndiyo sheria, fomu kwanza. Nikaitoa. Nikaisoma taratibu, sikuruka mstari. Nilipoinua macho alikuwa anafunika beseni la samaki.

"Ma chérie, wewe ni wa police?"

"Hapana mama, mimi ni mwanafunzi."

"Mwanafunzi wa nini?"

"Wa uhalifu."

Nilijisikia mwenyewe nilivyotamka. "Miye sitatia mukono," akasema. Hata samaki hakuniuzia.

Nikaenda kwa Salum, kinyozi Mtanzania mwenzetu wa Tanga, kijana wa maneno mengi, nikasema huyu hawezi kunishinda. Alisikiliza mpaka mwisho, mashine ya kunyolea inanguruma hewani, mteja kichwa nusu. Halafu akasema, "Dada'angu, hayo maneno mimi nayajua. Nilisomewa nyumbani nikiwa na miaka kumi na tisa. Nikakaa mahabusu wiki tatu kwa kuku ambaye hata sikumla." Saluni nzima ikacheka. Mimi nilitoka nje nikasimama pale kwenye taa za barabarani za Rockey Street, hapa huziita robot, zikageuka mara tatu na sikuvuka.

Ndipo nilipoelewa. Mjomba, ile siyo fomu ya ridhaa. Ni maelezo ya onyo! Nimechukua karatasi ya kizungu iliyokusudiwa kumlinda mtu, nikaitia maneno ambayo polisi wa kwetu wanamsomea mtuhumiwa, kwa Kiswahili safi kabisa, kamati ikapiga mhuri, na wewe ukasimama kuisoma. Hakuna kati yetu aliyeona. Sisi tuliokulia kota tunaona hayo ni maneno ya kawaida tu.

Nilikimbilia kwenye kamati. Wakanijibu kwa upole kwamba naweza kubadilisha, ila ombi litakuwa jipya na litaanza upya, na kikao chenye nafasi ni cha mwishoni mwa Septemba. Nilitaka kulia, nikaona aibu kumlilia karani. Profesa naye ananiuliza kila Jumatatu, "Tumefika wangapi?" Tumefika sita.

Sasa nakuuliza wewe. Unasema miaka ishirini na tisa hakukukatalia mtu. Uliwezaje? Nieleze, maana nikirudi bila shahada sijui nitaweka wapi uso wangu. Mama alishatangaza kanisani.

Mpwa wako aliyechoka,
Brightness


Mpwapwa
4 Julai 2004

Mpwa wangu,

Marahaba. Pole na mafua, kunywa tangawizi. Huku tumevuna magunia manne, siyo haba.

Nimeisoma barua yako nikacheka kidogo kwa habari ya kuku, halafu nikaacha. Nisikilize, nitakupa siri ya kazi, sijawahi kumwambia mtu asiye askari.

Usianze na karatasi. Anza na chai. Mpe mtu kiti, mpe kikombe, muulize kwao ni wapi na mvua zikoje. Muache aseme. Akimaliza kusema yote, ndipo unatoa karatasi, unamsomea haraka bila kupandisha sauti, unamwambia huu ni utaratibu tu, weka sahihi hapa. Mtu aliyekwisha kukueleza mambo yake anaona haya kukunyima saini. Anaona atakuwa amekutukana. Hapo hakuna anayekataa.

Fomu yako ina nafasi ya tarehe, haina nafasi ya saa. Umenielewa.

Fanya hivyo, urudi na shahada. Mama yako amekwisha chagua kitambaa cha siku hiyo.

Mjomba wako,
Filbert


Yeoville
19 Septemba 2004

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena! Mguu haujambo? Mimi sijambo kabisa. Ishirini na saba, mjomba! Zimebaki saini tatu tu. Profesa ameacha kuniuliza Jumatatu, sasa ananisalimia kama watu.

Nilinunua chupa ya chai kubwa na vikombe vya bati, natembea navyo kwenye mfuko kama mama lishe. Nimekwenda mpaka Alexandra na Soweto. Hata Salum amesaini, baada ya kunieleza saa nzima jinsi walivyomvunjia kibanda chake cha kwanza. Jeannine naye nilimrudia bila karatasi, nikamsaidia kupanga vitenge, akamalizia habari ya kisu. Fomu ikaja mwisho. Alinitazama, akauma mdomo, akatia mkono wake. Watu wana mambo mazito, mjomba, na wanatamani mno mtu wa kumweleza. Nashangaa nilivyohangaika miezi yote ile kwa ubishi wa karatasi.

Kuna mmoja tu aliyenisumbua kidogo. Ni Mrundi anaitwa Ignace, analinda maegesho ya magari ya ofisi huko Midrand. Tulikaa kwenye kibanda chake wakati wa mapumziko yake. Alinieleza jinsi alivyopigwa na watu aliowajua, majirani, na kwamba alikwenda polisi kushtaki, na huko ndiko walikomchukulia karatasi zake za ukimbizi. Mpaka leo anatembea na nakala. Mkewe hajui. Alilia, nami nikalia. Alipojipangusa nikatoa fomu, nikaisoma haraka kama ulivyonifundisha. Akaishika, akaitazama, akasema, "Kumbe." Neno hilo tu. Akasaini bila kunitazama, akanirudishia kikombe changu kikiwa na chai nusu.

Labda alikuwa amechoka. Kazi ya kusimama kutwa siyo mchezo.

Niandikie upesi. Nitakupigia siku nikikabidhi.

Mpwa wako mwenye furaha,
Brightness


Mpwapwa
10 Oktoba 2004

Brightness mwanangu,

Marahaba. Huku wote ni wazima.

Barua yako niliipata wiki moja iliyopita. Nimeanza kukujibu mara nne. Mama yako anadhani naumwa.

Sijui niseme nini kuhusu hilo neno la Mrundi, maana mimi nililisikia kabla yako. Mwaka 1983 nilikuwa kituo kingine, jina lake haliongezi kitu. Aliletwa kibarua mmoja anaitwa Khatibu, ilipotea baiskeli ya bwana shamba na yeye alionekana akipita pale. Hakukuwa na ushahidi mwingine. Nikampa kiti na chai, na sigara, maana alikuwa mvutaji. Alikuwa mtu wa kupenda maneno. Akanieleza kwao, akanieleza mkewe ana mimba ya kwanza. Akanieleza kwamba ni kweli siku ile alipita, akaiona baiskeli, na akaigonga kengele yake mara moja kwa kupenda mlio tu, kisha akaenda zake. Nikaandika yote. Alipomaliza ndipo nikatoa onyo, nikalisoma mbiombio. Aliitazama karatasi, akasema, "Kumbe." Akaweka dole gumba bila kunitazama.

Sheria ilitaka onyo lisomwe kwanza, kabla mtu hajafungua mdomo. Fomu yetu ilikuwa na nafasi ya saa. Nilikuwa naiacha wazi, najaza baadaye. Nilifanya hivyo kwa Khatibu na nilifanya hivyo kwa wote, mwanangu, ndiyo maana hawakukataa.

Mahakamani walisoma kwamba aliishika baiskeli kwa mkono wake mwenyewe. Ile kengele. Alipata miaka mitatu. Alipobakiza miezi minne baiskeli ikaonekana kwa shemeji wa yule bwana shamba, aliyekuwa ameiazima bila kusema. Mimi nilikuwa nimekwisha pandishwa cheo. Sikwenda kumwona. Sijui mtoto alizaliwa salama au la.

Mwezi wa Julai ulipoomba msaada niliona fahari. Nilijisifu kwako kwa jambo ambalo nalionea aibu, na sikujua kama nalionea aibu mpaka niliposoma barua yako. Ulichomfanyia Ignace mimi ndiye niliyekufundisha. Naomba usikabidhi zile karatasi kabla hujafikiri. Najua ninachokuomba na najua tarehe ya kibali chako. Nisamehe.

Mjomba wako,
Filbert


Johannesburg
25 Oktoba 2004

Mjomba,

Nimepata barua yako leo, siku tano kabla ya kukabidhi. Fomu thelathini ziko mezani, nimezitoboa na kuzifunga kwa uzi.

Kwa nini hukuniambia mwezi wa Julai? Ulijua. Uliandika kwa mkono wako "umenielewa", nami nikaelewa nilichotaka kuelewa. Sasa unaniomba nifikiri. Nifikiri nini? Nikikabidhi, hakuna atakayejua, fomu haina saa. Nisipokabidhi, miaka miwili yote imekwenda na maji. Nimekasirika mno, na sijui nikukasirikie wewe au nijikasirikie mimi. Leo nakukasirikia wewe.

Usiniandikie kwa sasa.

Brightness


Mpwapwa
14 Novemba 2004

Mwanangu,

Umeniambia nisiandike. Basi siandiki. Nakurudishia nakala ya fomu yako uliyoniletea mwezi wa Machi. Koma yangu nimeifuta. Nimeongeza mstari mmoja tu, kwa rula.

Filbert


Yeoville
12 Desemba 2004

Mjomba,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mama amenieleza kwamba umerudia fimbo na kwamba huli vizuri ingawa unasema unakula, nami nikamwambia kutomwamini mtu kuhusu kula ni ugonjwa wa familia. Mimi ni mzima.

Nimeuona mstari wako. "Saa aliyosomewa," halafu nukta nukta. Nimekaa na karatasi hiyo siku nyingi kabla ya kukuandikia, kwa hiyo nivumilie, nikueleze kwa utaratibu.

Tarehe 30 Oktoba sikukabidhi. Nilimweleza profesa ukweli. Alivua miwani, akaniuliza kama ninajua ninachosema. Nikasema najua. Akasema basi hao thelathini hawapo tena, labda warudiwe mmoja mmoja, wasomewe upya na waruhusiwe kuondoa maneno yao. Alidhani nitakata tamaa. Nami nilitaka sana kukata tamaa, sikudanganyi.

Nilibeba tena ile chupa ya chai. Wote thelathini niliwapata, hata padri. Ukiacha wale sita wa mwanzo waliosomewa mapema, niliwaambia kwamba karatasi ilipaswa kuja kwanza na nilichelewesha makusudi ili wasikatae, na leo wanaweza kukataa. Wengine walinifokea. Mmoja kule Soweto alinifukuza dukani kwake mbele ya wateja, na nilistahili. Kumi na tisa wameondoa maneno yao. Salum amebaki, anasema hata yale ya kuku wake yaende magazetini. Jeannine naye amebaki. Alinisikiliza akiwa amejishika kiuno, akasema, "Sasa leo umeniuliza." Akanipimia samaki.

Ignace nilimwacha wa mwisho kwa woga. Alinisikiliza pale kwenye kibanda, akasema, "Dada, lete karatasi yangu." Nikampa pamoja na kurasa zote nilizoandika. Hakuzichana. Alizikunja mara nne, akazitia mfukoni mwa shati, akafunga kifungo. Kisha akaniuliza kama chupa ina chai. Tulikunywa, akanieleza habari ile tena tangu mwanzo, na safari hii aliongeza mambo ambayo hakuyasema kwanza. Sikuandika hata neno. Siwezi kuyatumia na sitayasema popote.

Kumi na mmoja siyo thelathini. Profesa amekuwa mwema, amepeleka ombi kamati ikae upya, lakini kikao ni Februari na kibali changu kinakwisha tarehe 31 mwezi huu. Barua ya uhamiaji hakuweza kuniandikia. Nilikwenda mwenyewe kupanga foleni siku mbili, nikaambiwa jambo lile lile kwenye madirisha mawili. Labda nitaruhusiwa kurudi, labda sitaruhusiwa, sijui. Inaniuma, mjomba. Naamka asubuhi bado nimekasirika. Mwambie mama akitunze kile kitambaa, na kama amekwisha kukishona basi akivae Krismasi.

Naondoka na basi tarehe 20 kupitia Lusaka mpaka Tunduma. Nikijaliwa nitafika huko tarehe 24 mchana.

Nikifika nataka tukae mimi na wewe, unieleze habari za Khatibu zote, kwao ni wapi na mkewe aliitwa nani, halafu tufikirie kama bado anaweza kutafutwa. Chai nitapika mimi. Lakini karatasi yako naituma kwa posta ya haraka itangulie, usije ukasema nilikuletea baada ya kikombe. Pale kwenye mstari wako nimeandika: saa nne asubuhi, tarehe 12 Desemba, kabla hajasema kitu. Isome polepole, mjomba. Hulazimiki kusema neno lolote isipokuwa kwa hiari yako mwenyewe.

Mpwa wako,
Brightness